Kiti Bubu

Jina la Sumaku alipewa na wauza magari, na hawakumpa kwa mapenzi. Alikuwa akitembea na kipande cha sumaku kwenye mfuko wa shati, amekiviringisha kwenye kitambaa laini kisije kikakwaruza rangi ya mtu. Kazi yake ilikuwa kuthamini magari ya michezo ya kizamani, yale ya milango miwili, pua ndefu na sauti nzito, ambayo viwanda vilishaacha kuyatengeneza na wenye pesa wakaanza kuyasaka kama vito. Mnunuzi akitaka kujua kama anauziwa gari au anauziwa hadithi, alimwita yeye. Sumaku angekuja kwa miguu, avue saa na mkanda wa suruali aviweke pembeni, kisha apitishe ile sumaku juu ya bodi polepole, kama mtu anayempapasa mtoto mwenye homa. Iliposhika, palikuwa na bati. Ilipoteleza, palikuwa na puti, ule unga mgumu ambao mafundi hutumia kufukia mabonde ya ajali, na hapo mazungumzo ya bei yalianza upya.

Rushwa hakuila. Hilo lazima lisemwe mapema, maana yatakayofuata yanaweza kumfanya aonekane mtu mbaya, naye hakuwa mbaya. Wauzaji waliomchomekea bahasha mfukoni waliikuta baadaye juu ya kioo cha mbele, imebanwa chini ya waipa. Kwamba mtu anaweza kuwa mwaminifu kazini mpaka kwenye ukucha, na bado akawapunja walio nyumbani kwake, ni jambo ambalo wengi hatupendi kulifikiria, kwa kuwa linatugusa.

Mteja wake mkubwa alikuwa daktari wa meno, mtu mnene, mwenye kicheko cha karibu, aliyekusanya magari kama wengine wanavyokusanya maradhi: akipona moja, jingine limeshaingia. Siku moja walikwenda pamoja kwenye ghala la mfanyabiashara wa vigae kutazama gari la rangi ya fedha. Mwenye gari aliwapokea vizuri, akasimulia jinsi yeye na mkewe walivyolitembeza kila mwisho wa juma, wawili tu, madirisha wazi. Sumaku alivua saa na mkanda. Alipitisha sumaku yake, akagonga milango kwa fundo la kidole, akaifunga na kuifungua huku ameinamisha sikio, kisha akapiga magoti kwenye mlango wa abiria na kukaa hapo muda mrefu bila kugusa kitu.

Akamvuta daktari pembeni, nyuma ya maboksi ya vigae.

"Bodi ni ya asili. Rangi ni ya asili. Ila yule mke hajawahi kupanda."

"Wewe umejuaje? Umekuwa mganga?"

"Tazama kiti cha dereva. Ukingo wa kulia umekunjamana pale anapoteleza kuingia na kutoka. Ngozi imepauka mgongoni. Katikati pamebonyea. Kile kiti kina maneno, kinakueleza uzito wa mtu na kiatu chake. Sasa tazama cha abiria. Hakuna kitu. Bubu kabisa."

Daktari alicheka mpaka akashika nguzo. "Kiti bubu. Haya, na bei?"

"Inapanda. Kiti bubu ni nusu ya gari."

"Kwa hiyo tunamlipa kwa kumwacha mkewe nyumbani."

"Hatumlipi yeye," alisema Sumaku. "Tunalipia ngozi."

Daktari alilichukua neno lile akalitembeza. Haukupita muda mrefu wauza magari wote wa mji walikuwa wakilisema, hata wale waliomchukia aliyelitunga. "Nina moja ya kijivu, kiti bubu," walipigiana simu. Sumaku akilisikia aliendelea na kazi yake, lakini ndani alijisikia kama mtu aliyeandika kitu kikachapwa.

Yeye mwenyewe aliishi vyumba viwili juu ya banda la gari. Chini kulikuwa na banda, juu kulikuwa na yeye, na ngazi ya mbao iliyounganisha. Bandani mlikuwa na gari lake, la rangi ya kijani iliyoiva kuelekea weusi, viti viwili vya ngozi ya hudhurungi. Alilinunua akiwa kijana, kutoka kwa rubani mstaafu aliyelitumia kidogo sana, na kwa kulinunua alitumia akiba yote ambayo yeye na mkewe walikuwa wameiweka kwa ajili ya kiwanja. Mkewe alikuwa muuguzi. Alilizunguka gari lile mara moja, mikono nyuma, akasema, "Basi nimeletewa mke mwenza," akapanda ngazi kwenda kupika.

Tangu siku ile gari likaitwa Mke Mwenza. Asubuhi mama yule akitoka zamu ya usiku, viatu vyeupe mkononi, angesimama mlangoni pa banda na kuuliza, "Mke mwenzangu ameamkaje?" Mumewe angejibu bila kuinua kichwa kwenye bonet, "Salama." Kisha yeye angepanda kulala, na mume angebaki akipangusa.

Masharti yalikuwa mengi na yote yalikuwa na maana kwa mtu wa kazi ile. Mafuta ya ngozi ya mwili hula rangi ya ngozi ya kiti. Vifungo vya chuma vya suruali huchana. Manukato huacha kivuli. Kiti cha abiria kilifunikwa shuka jeupe lililokunjwa pembe kwa pembe, na mtu asingekaa hata juu ya shuka. Muuguzi alikwenda kazini kwa basi. Mume alilitoa gari siku za Jumapili, akazunguka mitaa ili betri isife, akarudi. Hakuwa akijivuna barabarani wala hakufuata wanawake. Laiti angekuwa mlevi au mzinzi, mkewe angejua pa kushtaki. Lakini utashtaki kwa nani kwamba mumeo anatunza mali?

Uchungu wa kuzaa ulipomshika, ulimshika ghafla, alfajiri, na maji yakaanza kumtoka pale pale kwenye ngazi. Sumaku alisimama katikati ya banda na funguo mkononi. Alitazama ngazi, akatazama gari. Kisha akatoka mbio barabarani, akasimamisha pikapu iliyokuwa ikipeleka magunia ya unga kwenye duka la mikate, na mkewe akapelekwa hospitali akiwa ameegemea magunia. Yeye mwenyewe alipanda nyuma pamoja naye, akamshika mkono njia nzima. Hilo nalo lisemwe. Mtoto alizaliwa mzima. Wauguzi wenzake walimpokea mama aliyejaa unga mpaka kwenye nyusi, wakacheka mpaka machozi, na mtoto akatoka hospitali na jina la utani la Unga, ambalo halikumwacha tena.

Unga alikua akijua kwamba kuna gari nyumbani kama mtoto wa jirani na kanisa anavyojua kuna kengele. Alikwenda shule kwa miguu. Kabla hajajifunza kusoma alishajifunza kusimama umbali wa mkono mmoja na kuweka mikono nyuma kama mama yake. Alipokuwa mkubwa aliolewa mji mwingine, akapata kazi ya kufanya vipimo katika maabara. Mama yake alikufa mwaka uliofuata, kwa ugonjwa mfupi. Tangu hapo Unga alipiga simu kila Jumapili.

"Baba, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chakula."

"Haya. Mke Mwenza hajambo?"

"Hajambo."

Baada ya hapo wote wawili wangesikiliza laini ya simu ikinguruma kidogo, kisha mmoja angesema salio linakwisha.

Ukungu ulianza jicho la kulia. Kwanza alidhani ni kioo cha miwani, akakipangusa kama alivyopangusa kila kitu. Halafu siku moja, akithamini gari jekundu, aliutazama mlango uliofukiwa puti na kupigwa rangi upya na akauona sawasawa na mwenzake. Ni sumaku iliyoteleza ndiyo iliyomwambia. Alisimama pale akiona haya ingawa hakuna aliyejua. Daktari wa macho alimweleza kwamba ni mtoto wa jicho, na la kushoto litafuata, na upasuaji upo lakini kwa hali ya macho yake asitegemee kuona kama zamani. Mchana alikuwa bado anaiona barabara vizuri kwa jicho moja, lakini leseni yake ilikuwa inakaribia kwisha, na kipimo cha macho alijua hatakipita. Hakutaka kuendesha kwa kujidanganya. Akaamua kuliuza.

Daktari wa meno aliposikia hakuficha furaha. "Gari hilo nimelisubiri kama mrithi asiye na adabu," alisema. "Taja bei."

"Siwezi. Mtu hathamini chake. Tutamwita Bi Tochi."

Bi Tochi alikuwa mwanamke wa makamo aliyejifunza kazi kwa Sumaku mwenyewe kabla ya kuanza kujitegemea. Alivaa ovaroli na kofia ya sufu, na tochi yake ndogo aliibana kwa meno akilala chali chini ya magari. Alifika asubuhi, akasalimia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Usinihurumie."

"Nikuhurumie una nini?" Akavua saa, akavua mkanda. "Ulinifundisha uchoyo wa bei, leo utauona."

Alifanya kazi vizuri. Sumaku alikaa kwenye kigoda chake, kigoda kimoja pekee kilichokuwamo bandani, na kumsikiliza akigonga bodi kwa fundo la kidole. Ni ajabu kusikia kitu chako kikigongwa na mkono ulioufundisha wewe. Bi Tochi alilala chini, akatoka, akafungua bonet, akalinganisha namba ya injini na namba ya chesisi, akachungulia chini ya mazulia. Kisha akaja upande wa abiria, akaliondoa lile shuka jeupe kwa vidole viwili, akapiga magoti, akawasha tochi.

Alikaa pale mpaka Sumaku akakohoa.

"Kuna nini?"

"Hakuna," alisema Bi Tochi. "Ndiyo maana nashangaa. Nimeona viti bubu vingi, Mwalimu, lakini vingine ukivimulika pembeni unakuta ukucha wa mtoto, au mahali mtu aliweka mkoba. Hiki hakijawahi kusema hata neno moja. Hata sponji chini bado imevimba. Hiki ni bubu tangu tumboni." Akainuka, akajipangusa magoti, akacheka. "Nitaandika hali ya kiwandani. Daktari atalia machozi. Umelitunza kuliko wote."

Sumaku alishukuru. Aliagana naye mlangoni. Neno lake mwenyewe, alilolitunga nyuma ya maboksi ya vigae kumkejeli mtu mwingine, lilikuwa limerudi nyumbani na kuvua viatu.

Alirudi ndani, akachukua lenzi yake ya mkononi na taa, akapiga magoti palepale Bi Tochi alipopiga. Alianza kwenye ukingo wa nje, akafuata mshono hadi mshono. Kwa maisha yake yote alitafuta alama kwenye viti vya watu ili ashushe bei. Sasa alitafuta alama kwa sababu nyingine. Alitafuta unywele. Alitafuta uzi mweupe wa sare ya uuguzi. Pengine siku moja, yeye akiwa kazini, mkewe alifungua mlango kwa hasira na kukaa dakika moja. Pengine mtoto aliingia wakati wa kujificha na wenzake. Aliingiza vidole kwenye ufa kati ya mgongo na kikalio, mahali ambapo kila gari duniani lina sarafu, pipi au makombo. Alivitoa visafi.

Walimtii. Hakuna hata mmoja wao aliyemwibia hata dakika moja ya kukaa.

Jioni, ingawa haikuwa Jumapili, alimpigia bintiye.

"Baba? Kuna nini?"

"Hakuna. Gari limepata mteja, yule daktari wa meno. Analichukua Jumamosi."

"Alhamdulilahi. Sasa utapumua. Mimi nilishapanga, nakuja kabla ya upasuaji wako. Ijumaa nitakuwa hapo."

"Nitakuja kukupokea stendi."

"Usihangaike na jicho hilo. Nitachukua teksi."

"Nitakuja kukupokea," alisema Sumaku, na kwa jinsi alivyosema, Unga hakubisha.

Gari lilikuwa lichukuliwe Jumamosi. Daktari alikuwa ameshakubali bei, na bei ile ilisimama juu ya kile kiti. Bila kiti, lilikuwa gari zuri miongoni mwa magari mazuri. Mtu mwingine angemkalisha bintiye, akapangusa ngozi, akanyamaza. Sumaku hakuwa mtu wa namna hiyo. Alimpigia daktari.

"Ijumaa mtu atakaa kwenye kile kiti."

"Mtu gani?"

"Binti yangu. Anatoka safari. Kwa hiyo hakitakuwa bubu tena. Punguza."

Daktari alishusha sauti. "Sumaku, rafiki yangu. Si apande teksi?"

Lilikuwa swali la busara. Lilikuwa swali ambalo Sumaku mwenyewe angeliuliza. "Punguza," alisema tena, akataja yeye mwenyewe kiasi cha kupunguza, na kilikuwa kikubwa kiasi kwamba daktari aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri.

Ijumaa aliliondoa lile shuka jeupe, akalikunja, akalitundika kwenye msumari wa ukutani. Aliendesha taratibu, jicho zima mbele, mikono miwili kwenye usukani. Watu wa stendi waligeuka kulitazama gari, kama walivyogeuka siku zote. Akaegesha karibu na vibanda vya maji, akatoka, akasimama upande wa abiria.

Unga alishuka kwenye basi la tatu kati ya yaliyoingia pamoja, begi begani, suruali ya jinzi, nywele zimelala upande mmoja. Alifanana na mama yake alivyotembea, kama mtu anayejua miguu itahitajika tena baadaye. Alimsalimu baba yake, wakashikana mikono kisha mabega. Ndipo akaliona gari.

"Ah, umelitoa nje. Ndiyo unalipeleka kwa daktari?"

"Nimekuja kukuchukua."

Unga alicheka. Hakucheka vibaya. "Mimi?"

"Ingia." Akafungua mlango.

"Baba, nimekaa na mtu aliyekuwa anakula machungwa tangu asubuhi. Nanata mwili mzima." Akageuka nusu, akaonyesha mfuko wa nyuma wa jinzi. "Na hivi vyuma, umesahau? Si ndivyo ulivyokuwa unavikagua?"

"Ingia tu, mwanangu."

Akainama akatazama ndani. Aliona ngozi tupu, bila shuka. Akamtazama baba yake, akatazama jicho lenye ukungu, na akafikia uamuzi ambao mtu mwenye huruma hufikia.

"Si kesho ndiyo anakuja kulichukua?"

"Ndiyo."

"Basi usiharibu bei, Baba. Umelitunza miaka yote, ulivuruge leo kwa ajili ya mwendo huu mfupi? Tangulia. Nakuja na teksi nyuma yako."

Unga alitaka kumgusa baba yake begani, na mkono wake ulipopita juu ya paa la gari aliuinua juu kidogo, ukaruka bila kuligusa, kama alivyofundishwa. Sumaku aliyaona hayo yote. Maneno alikuwa nayo mdomoni. Angesema: nimeshakilipia hicho kiti. Lakini mtu ambaye maisha yake yote amesema usiguse hana mazoezi ya kusema gusa, na stendi ilikuwa na kelele, na dereva wa teksi alikuwa ameshachukua begi.

Hakutangulia. Teksi ndiyo iliyotangulia, naye akaifuata. Kupitia kioo cha nyuma cha ile teksi aliona kichwa cha bintiye, mbele, karibu na dereva. Dereva alisema kitu, na Unga akacheka, mkono ukapepea. Mwanangu ana maneno mengi, aliwaza Sumaku, kama mtu anayesoma habari za mbali.

Usiku ule walikula juu. Unga alikaa ukingoni mwa kitanda na sahani mapajani, kama alivyofanya kila alipokuja, kwa sababu mezani palikuwa na kiti kimoja cha kukalika, na cha pili kilibeba majarida ya bei za magari, rundo lililofika kifuani. Walizungumza juu ya upasuaji. Walizungumza juu ya bomba linalovuja. Kisha wakalala.

Daktari wa meno alifika asubuhi amevaa shati jipya kama bwana harusi. Alilizunguka gari, akasugua viganja, akafungua mlango wa abiria, akainama. Akainuka.

"Sumaku. Hiki mbona bado bubu?"

Sumaku alikuwa akikunja shuka lililokwisha kunjwa. "Hakukaa."

"Ulisema binti yako atakaa. Ukanilazimisha nishushe."

"Nimesema hakukaa."

"Sasa mimi si mwizi. Kiti kizima, bei nzima. Turudi kwenye ile ya kwanza."

"Iache ilivyo."

"Kwa nini, bwana? Hela yako hiyo."

"Kile kiti nilishakilipia," alisema Sumaku.

"Ulimlipa nani?"

Sumaku aliendelea kukunja shuka. Daktari alikuwa na kinywa cha kuuliza tena, lakini alitazama juu, akamwona Unga amesimama katikati ya ngazi na kikombe mkononi, akaamua kwamba gari lililonunuliwa rahisi ni gari zuri. Walipeana mikono na funguo. Mke Mwenza aliunguruma, akatoka bandani kwa madaha, akakata kona akiwa na mtu mmoja ndani.

Sakafu ya banda ilibaki kavu. Gari lile halikuwahi kuvuja hata tone la oili, kwa hiyo hapakuwa na alama ya kuonyesha mahali lilipokaa.

Unga alishuka ngazi mpaka mwisho.

"Baba. Ulinilipia kukaa?"

"Haikuwa hela kubwa."

"Mbona hukusema pale stendi?"

"Uliniambia nisiharibu bei."

Unga alifungua mdomo kucheka, na kicheko hakikufika. Alitazama msumari uliobaki mtupu ukutani. "Mama angesema mke mwenzake ameachwa kwa hasara," alisema hatimaye.

"Angesema."

"Njoo juu. Chai inapoa."

Juu, Unga alimimina vikombe viwili mezani na kubaki amesimama, akitafuta ukingo wa kitanda kwa macho. Sumaku alimwona. Akaenda kwenye kiti cha pili, akakumbatia rundo la majarida, akalishusha sakafuni kwa awamu, akihema. Chini yake kulikuwa na mto wa sponji wenye kitambaa cha maua kilichofifia. Kilikuwa kiti cha mkewe. Hakuwa amekiona tangu msiba.

Alikisoma kabla hajakusudia, kwa sababu macho yake, hata mabovu, hayakujua kazi nyingine. Mto ulikuwa umezama upande wa kushoto, pale mtu aliyetoka zamu alipoinama kila asubuhi kufungua kamba za viatu. Mbele kitambaa kililika kwa kusuguliwa na magoti ya sare. Kwenye mgongo wa kiti palikuwa na weusi wa mafuta ya nywele, mahali kichwa kilipoegemea kusubiri mtu aliyekuwa chini akipangusa. Kiti kile kilikuwa na maneno mpaka yakafurika. Alichokitafuta kwa lenzi na taa kule bandani kilikuwa huku, chini ya bei za magari.

Unga alikuwa ameshika mgongo wa kiti. Alipitisha kiganja juu ya mto kupangusa vumbi, kisha akakishusha kiganja hicho kwenye suruali yake, nyuma, akavigusa vile vyuma. Akamtazama baba yake.

"Nikae hapa?"

Sumaku alisikia neno likimpanda kooni. Lilikuwa neno lake la siku zote: subiri. Akikaa, ule mto utabonyea vingine. Akikaa, haitajulikana tena bonde lipi ni la mama na lipi ni la mtoto. Alilishika neno lile kwa meno, akalimeza, akatafuta jingine.

"Kaa," alisema.

Lakini lilichelewa, na Unga, aliyekulia nyumba ile, aliusikia ukimya uliotangulia. Alikaa. Alikaa ukingoni kabisa, mgongo wima, uzito wote miguuni, akavuta kikombe chake karibu.